Mkono wa Kupokea Mwiko

Jumapili, 1 Septemba

Mintra ameniletea daftari hili kutoka hoteli anayofanyia kazi. Jalada lina picha ya bwawa la kuogelea, na kando ya bwawa kuna mwanamke mwembamba anayelichekea papai. "Shangazi, kila siku unasema peke yako jikoni," ameniambia. "Yaandike basi, kuku wapumzike." Nimelipokea kwa sababu karatasi ni nzuri, na pia kwa sababu sikujua nikatae vipi. Huo ndio ugonjwa wangu. Nina miaka hamsini na minane na sijawahi kumwambia mtu hapana huku ananiangalia usoni.

Tuko watu wawili humu ndani, mimi na Mama, na nyuma yetu shamba la minazi. Hoteli zote za kisiwa hiki cha Samui zimekwenda upande ule wa mashariki kwenye mchanga mweupe. Huku kwetu pwani ni tope, kwa hiyo tuliachwa.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeanika mbata. Mvua. Nimeanua mbata.

Ijumaa, 6 Septemba

Wageni saba leo. Wanakuja kila Jumanne na Ijumaa na gari la hoteli, Mintra akiwa mbele na mwavuli wenye jina la hoteli. Safari yao inaitwa "Upande wa Kimya wa Kisiwa". Kimya chenyewe kinaisha wakifika.

Kosa ni langu, naliandika ili nisijifanye nimelisahau. Mwezi wa tatu mwaka jana mzungu mmoja mzee, Henk, mwenye miguu mirefu kama ngazi, alipotea na baiskeli akaingia uani kwetu. Nilimwuliza, "Umekula?" kama tunavyomsalimu mtu yeyote, naye akaelewa kwamba namwuliza kama amekula. Basi nikampa chakula. Mama akampa na kipande cha kalamae, halua yetu ya nazi. Alipiga picha nazi, akapiga picha jungu, akampiga picha Mama akifunga kanga yake. Picha zikafika hotelini, meneja akamwuliza Mintra, "Huyu si bibi yako?" Tangu siku hiyo sisi ni safari.

Leo mmoja aliuliza kama tunaishi hapa mwaka mzima. Mintra alimtafsiria huku anajikaza asicheke. Nikamjibu kwamba ndiyo, hata usiku tupo.

Jumapili, 8 Septemba

Mama ameanza kuzitikisa nazi moja moja sikioni, anasikiliza maji. Maana yake sikukuu ya mwezi wa kumi imekaribia. Sisi tunahesabu kwa mwezi wa angani, kalenda ya hotelini haina habari nayo.

Kwa siku kumi na tano wafu wanafunguliwa waje makwao. Siku ya kwanza tunawapokea hekaluni, siku ya mwisho tunawaaga, na kila mmoja anatakiwa arudi akiwa amekula cha nyumbani kwake. Asiyepata anakaa na njaa mpaka mwaka mwingine. Cha nyumbani kwetu ni kalamae: tui, unga wa mchele unaonata na sukari ya mnazi, vinageuzwa kwenye karai juu ya moto wa makumbi saa saba mfululizo mpaka viwe vyeusi na vizito kama lami. Ukiacha kugeuza kwa dakika moja tu, chini kunaungua, na kilichoungua hakipelekwi kwa mfu. Kwa hiyo tunageuza kwa zamu, na sheria ni moja: huachii mwiko mpaka mkono mwingine uushike. Sheria ya pili ni kwamba hakuna anayeonja kabla kipande cha wafu hakijatolewa.

Mama anamgeuzia Prayun, mdogo wangu, baba yake Mintra. Mama ana miaka themanini na mitatu. Hakuna kingine anachokitaka duniani, najua kwa sababu nimewahi kumwuliza.

Prayun alikuwa fundi wa kupaka rangi kwenye hoteli zilizokuwa zinajengwa upande wa mashariki. Miaka kumi na moja iliyopita, siku moja kabla ya kuwaaga wafu, tulikuwa uani tunageuza. Mtu alikuja na pikipiki, akavua kofia yake ya kazini, akasema Prayun ameanguka kutoka jukwaani. Mama ndiye alikuwa kwenye mwiko. Alisema, "Nani anapokea?" Akaendelea kugeuza. Wote tulikuwa tumeganda. Aligeuza mpaka Dada Juab, jirani yetu, akafuta mikono, akaja, akaushika mwiko. Hapo ndipo Mama alipopanda pikipiki. Alipofika, Prayun alikuwa ameshakata roho.

Watu walisema mpaka wakachoka. Mimi sikusema kitu, na kimya changu kina miaka kumi na moja. Lakini daftari halinitazami usoni, basi naliambia: sijamsamehe. Ningekuwa mimi ningeutupa mwiko ule ukafike baharini.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua jioni. Mama amelala mapema.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda kuomba mikono. Zamani tulikuwa watu kumi na wawili kuzunguka karai, tunapiga soga, wengine wanakuja kwa ajili ya soga tu. Leo nimepita nyumba kwa nyumba. Kwa Dada Juab, mabinti wote wawili wako dobi hotelini, na sikukuu ni msimu wa kazi. Kwa mzee wa duka, vijana wanaendesha magari ya wageni. Kwa wengine wameshaagiza kalamae ya sokoni.

"Na nyinyi nunueni," mke wa mwenye duka ameniambia. "Siku hizi wana mashine, inageuza yenyewe, hata jasho hulitoi."

Nimemfikishia Mama habari hiyo kwa utaratibu. Alikuwa anapepeta mchele. "Hiyo mashine inamjua Prayun?" akaniuliza. Akaendelea kupepeta.

Dada Juab amesema atakuja. Ana miaka sabini na magoti yake yanalia anapotembea. Sisi watatu basi, mzee, mzee zaidi, na mimi.

Jumatano, 18 Septemba

Siku ya kuwapokea. Hekaluni kulikuwa na watu wachache, na matope mengi. Tuliwapelekea wali, samaki na ndizi. Mama aliiweka picha ya Prayun mkekani akaizungumzia kama mtu aliyechelewa basi: "Umefika? Hivi kula tu kwanza. Kalamae bado. Subiri, usiondoke." Alipotaka kuinuka mguu wake wa kulia ulikataa, nikamwinua. "Ganzi," amesema. Kikombe cha chai nacho kilimponyoka. Ganzi pia.

Ijumaa, 20 Septemba

Wageni tisa. Mwenye kamera kubwa alitaka Mama akae mlangoni na aangalie mbali. Mama akauliza aangalie nini huko mbali. Mintra akamjibu, "Popote tu, Bibi." Mama akaangalia choo.

Jumapili, 22 Septemba

Nimemwambia Mintra twende na Bibi yake hospitali. Mama amekataa: "Wakinilaza nani atageuza? Baada ya sikukuu nipelekeni hata mara mbili." Mintra alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyeweza kumbishia.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua kutwa nzima. Hata hivyo gari la hoteli limekuja. Wageni wamekaa kibarazani wanasikiliza mvua, wamefurahi sana. Mzee Henk amerudi kisiwani, amemletea Mama jibini ya kwao. Mama amewapa kuku.

Mintra alinivuta kando. "Shangazi, mikono mnayo?"

"Tunayo. Ya Dada Juab, ya Bibi yako na yangu."

"Hiyo mikono au makumbusho? Sikia. Ijumaa nina wageni wanane. Wanaomba kugeuza kalamae, watafurahi mpaka walie. Mikono kumi na sita, Shangazi, bila hata kuwabembeleza. Bibi atakaa tu kwenye kiti awaelekeze."

"Ni chakula cha baba yako, Mintra."

"Ndiyo maana nataka kiwepo," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kazini. "Wewe unadhani kina nani watageuza mwakani?"

Nilitaka kusema hapana. Ilifika kwenye meno. Nikasema, "Haya, mwulize Bibi." Mama alifikiri sana, kisha akaiangalia mikono yake, akakubali.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekuna nazi sitini. Mabega yamenitoka.

Ijumaa, 27 Septemba

Nataka niandike sawasawa, bila kumwonea mtu.

Walikuja saa mbili na nusu, wanane na Mzee Henk. Mama alikaa kwenye kiti karibu na karai. Mintra aliwaambia sheria ya mwiko, wakaipenda. Wakawa wanapokezana vizuri, mmoja hatoi mkono kabla mwenzake hajashika, huku wakisema neno letu la kupokea kwa matamshi ya ajabu na kupiga makofi. Henk aligeuza muda mrefu kuliko wote, jasho likimchuruzika puani, Dada Juab akawa anamfuta na kanga yake akimwita "mkwe wangu". Mama alicheka. Ni muda mrefu sikuwa nimeyaona meno yake yaliyobaki. Nikajisemea labda Mintra ana akili kunishinda, labda nyumba hii ilikuwa na njaa ya watu tu.

Kufika saa nane kalamae ilianza kuvuta. Mwiko unakuwa mzito, ukiuinua unainuka na karai. Mama akamwagiza Dada Juab alete jani la mgomba la kuwekea kipande cha Prayun. Dada Juab akaenda.

Kulikuwa na msichana mwenye kofia kubwa ya ukili. Hana ubaya, kutwa nzima alikuwa anamshikia Mama bilauri ya maji. Aliinama kwenye karai, akaangalia, na mkono wake ukaanza kwenda. Niliuona ukienda. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mintra naye aliuona, nikamwona akivaa lile tabasamu lake la kazini kama mtu anayefunga mlango. Kidole kikaingia kwenye ukingo wa mwiko, kikatoka na kipande, kikaenda mdomoni. Msichana akafumba macho kwa utamu. Wenzake wakacheka, nao wakachota, mmoja mmoja.

Dada Juab alirudi na jani, akasimama nalo.

Mama hakukunja uso. Alisema, "Wape wote. Wafungieni na ya kubeba." Aliposhika fimbo yake kuingia ndani, msichana mwenye kofia aliinama kumshukuru kwa viganja viwili pamoja, kama alivyofundishwa, na Mama akaitikia kwa heshima zote.

Jioni Mama aliniambia, "Tutageuza nyingine." Basi, hilo tu. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua. Nazi zimebaki za mtini.

Jumapili, 29 Septemba

Leo nimesema hapana. Naliandika neno hilo kwa sababu ni la kwanza na sina uzoefu nalo.

Mintra amekuja asubuhi na mfuko wa machungwa. Akaanza, "Shangazi, wageni hawakujua, wanaomba radhi, Jumanne wako tayari kurudia, safari hii nitawaambia..."

"Hapana," nikamwambia.

"Sijamaliza."

"Nimemaliza mimi. Wao hawakujua, wewe ulijua. Ulikiona kile kidole kikienda kwenye chakula cha baba yako ukakichekea."

"Na wewe ulikiona, Shangazi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Ulikuwa karibu kuliko mimi. Mimi nikimkemea mgeni nafukuzwa kazi. Wewe ungefukuzwa na nani?"

Ilinichoma kwa sababu ni kweli, na ukweli ule ukanipandisha hasira badala ya kunishusha. Nikamwambia gari lake lisikanyage uani kwangu mpaka sikukuu iishe, wala yeye asikanyage. Aliyaweka machungwa kibarazani, akavaa viatu, akaenda.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. "Umemfukuza mtu," amesema, "na hatuna watu."

Jumatatu, 30 Septemba

Mkwezi amekwea katika mvua, ametuangushia nazi hamsini. Nimekuna arobaini na mbili. Sukari ipo. Makumbi yamelowa, nimeyapanga juu ya jiko yakauke. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kugeuza, keshokutwa wafu wanaondoka.

Jumatano, 2 Oktoba

Niko hospitali. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa nguo, sikumbuki kulitia. Naandika ya jana.

Tulianza saa mbili asubuhi chini ya bati la jikoni, mimi, Mama na Dada Juab. Mvua ilikuwa kubwa tangu alfajiri, maji ya barabarani yamefika kwenye vifundo vya miguu. Tuligeuza kwa zamu. Nilimpa Mama zamu fupi, nikimdanganya kwamba mimi sijachoka. Alishika mwiko kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauegemeza tu. Saa sita aliniambia, "Prayun alikuwa anaipenda ikiwa nyeusi sana. Usiitoe mapema." Nikamwambia sitaitoa mapema.

Saa saba na nusu mtu akaita kutoka barabarani kwamba maji yanaingia jikoni kwa Dada Juab. Gunia lake la mchele liko chini. "Nakwenda kuliinua narudi," akasema. "Mna nguvu?" Nikamwambia tunazo. Mama akasema kichwa kinamzunguka, anakwenda kujinyoosha kidogo, nimwite zamu yake ikifika. Nikabaki peke yangu na karai, na kalamae ndiyo imeanza kuvuta.

Aliniita mara ya kwanza. "Urai." Sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka mto wa kichwani.

"Mama, niko kwenye mwiko," nikamjibu.

Hakusema kitu. Nikaona ameelewa, sheria si ni yake mwenyewe.

Aliniita mara ya pili, chini zaidi. Mvua ilikuwa inalipiga bati, sikuwa na hakika. "Naja, Mama. Dada Juab anarudi sasa hivi." Nikawa nageuza. Nilihesabu mizunguko, nikasema nikifika mia Dada Juab atakuwa amefika. Nilifika mia nikaanza upya. Kikasikika kitu cha bati kikianguka chumbani, kikombe chake, na baada ya hapo mvua tu.

Nilipiga kelele nikamwita Dada Juab. Nilimwita Mama. Niliita mpaka jina la mkwezi wa nazi. Ilikuwa Jumanne. Jumanne nyingine yoyote saa kama ile uani kwangu kungekuwa na watu wanane wanaoomba kuushika mwiko, na Henk na mikono yake kama makasia. Niliwafukuza mimi, kwa hapana yangu ya kwanza.

Niliiangalia mikono yangu ikizunguka. Hakuna aliyeifunga kwenye mwiko. Naapa niliiambia iachie. Nilijiambia, ni unga na sukari tu, wewe mwanamke. Halafu nikamwona Prayun mkekani hekaluni, anaambiwa subiri, usiondoke, na hii ndiyo iliyobaki, hakuna nazi za kutosha tena wala siku nyingine. Nikageuza. Sijui ni dakika ngapi. Dada Juab anasema alikaa kwake kama dakika ishirini.

Alipoingia nilimwambia, "Pokea." Aliushika. Hapo nikakimbia.

Mama alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango. Mdomo umekwenda upande, jicho moja linaniangalia. Alikuwa amejikokota kuja kwangu, mkeka ulikuwa umejikunja nyuma yake.

Niliwapigia watu wa gari la wagonjwa, wakasema barabara imekatika, tungoje. Nikampigia Mintra. Nilianza kumwomba radhi, akanikata, "Shangazi, yuko wapi?" Alifika na gari la hoteli kupitia maji, hana viatu, sare yake imelowa mpaka kifuani. Sijui alimwambia nini meneja, au kama alimwambia. Hakuniuliza lolote. "Mshike kichwa," akasema, "mimi miguu." Huyu ndiye niliyemwambia asikanyage uani kwangu.

Njiani mkono wa kushoto wa Mama ulianza kuzunguka. Polepole, duara moja baada ya jingine, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Mintra aliuona kwenye kioo, akaanza kulia huku anaendesha.

Daktari anasema mshipa wa damu umepasuka kichwani, upande wa kulia wa mwili umekufa. Aliniuliza ilianza saa ngapi. Nikasema sijui. Akasema wakati ni muhimu katika ugonjwa huu, kila dakika. Hakusema kwa kunilaumu, ndivyo anavyosema kwa wote.

Miaka kumi na moja nilimnyima mama yangu msamaha. Sasa nimekaa hapa nausubiri wa kwangu kutoka kwa mtu asiyeweza kusema.

Jumatano, jioni

Dada Juab aliimaliza kalamae peke yake. Haikuungua. Nyeusi sana, kama alivyotaka. Asubuhi Mintra aliipeleka hekaluni akaiweka mbele ya picha ya baba yake, Mzee Henk akimshikia mwavuli. Kipande cha kwanza hakikuonjwa. Aliniletea habari hiyo hospitalini, nikainama sikioni kwa Mama.

"Prayun amekula," nikamwambia. "Ameondoka ameshiba."

Jicho lilinitazama. Mkono haukusimama.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mkono unazunguka usiku na mchana. Umechubuka pale unapokwaruza shuka. Muuguzi amesema ni neva tu, tusidhani ni kitu kingine, akaufunga kitambaa ili ngozi isitoke. Unazunguka na kitambaa chake. Mintra anaushika, unazunguka naye. Dada Juab amekuja akausemesha, "Dada, imeiva, tumeshaikata." Unazunguka.

Saa kumi alasiri walikwenda kutafuta chakula nikabaki naye. Mvua ilikuwa imepungua. Nilimtazama mwanamke huyu anavyochoka, jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu, na nikajua anachokingoja, maana alinifundisha yeye nikiwa na miaka sita, nimesimama juu ya kibao cha mbuzi ili niufikie mwiko. Mkono wa chini unaingia kwanza. Kisha wa juu. Unakwenda naye mizunguko miwili, mitatu, mpaka aone uzito umehama.

Niliingiza mkono wangu chini ya wake. Nikazunguka naye. "Nimeshika, Mama," nikasema.

Vidole vyake vilifunguka kimoja kimoja. Mkono ukalala kwenye shuka.

Muuguzi alipopita alifurahi. "Leo ametulia," akasema. "Umemfanya nini?" Nikamwambia sijamfanya kitu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mama alifariki jana saa nne asubuhi. Mkono haukusogea tena.

Jua limetoka. Mintra anapanga maji ya kunywa ya waombolezaji. Meneja amempa siku tatu, na ameuliza kama wageni wanaruhusiwa kuja kutoa heshima. Nimemwambia waje, kila anayetaka aje. Dada Juab amelisugua karai ameliegemeza ukutani, na mwiko juu yake.

Nimekaa hapa na daftari la bwawa nafikiria jambo moja tu. Jumanne niliitwa nikachelewa. Alhamisi hakuna aliyeniita, nikawahi. Ningejua, nisingeupokea mwiko wake upesi vile.